Sindano ya Maji ya Chumvi

Jumanne, tarehe 9 Juni. Manyunyu tangu alfajiri, na baridi ya kukunja vidole.

Alasiri, Fundi alilamba ncha ya uzi apate kuutunga kwenye sindano. Ukatoka mkavu kama ulivyoingia. Akajaribu tena, ulimi ukakwaruza. Kwa miaka ishirini na sita ya ushonaji hakuwahi kukosa mate ya kulowesha uzi. Ndiyo maana, walipomkuta na saratani ya koo, alimwambia daktari, "Nipigeni mionzi mnavyotaka, ila mate yangu mniachie." Daktari akamwandikia dawa ya kukinga tezi za mate: sindano moja kila siku, nusu saa kabla ya mionzi.

Fundi alikataa kuchomwa na yeyote ila mdogo wake, nesi wa wodi ile ile.

Wiki mbili za kwanza dawa hiyo ilimtapisha mpaka nyongo. Ya tatu kichefuchefu kikakoma ghafla, naye akamsifu nesi wake kwa mkono mwepesi. Sasa ilikuwa ya tano. Akauweka uzi chini, akasubiri mdogo wake atoke kazini.

Nesi aliingia na mwavuli unaochuruzika. "Dada, mbona umenuna? Utadhani umeikata suruali ya bwana harusi ikawa kaptura!"

"Tangu nilipoacha kutapika, unanichoma nini?"

Nesi alichukua muda mrefu kuufunga mwavuli.

"Ulikuwa unaisha, dada. Presha inashuka, unaniangukia mikononi. Nikuzike kwa ajili ya mate?"

"Nimekuuliza, unanichoma nini?"

"Maji ya chumvi."

"Daktari anajua?"

Nesi akatikisa kichwa.

"Ningekwambia, usingekubali."

"Mdomo ni wa nani? Nilikupa mkono wangu huku nimefumba macho!"

"Nilikuonea huruma."

"Basi huruma yako ndiyo hii," Fundi akasema, akimwonyesha ule uzi.

Nesi akalia. Tangu alipokuwa wa kubebwa mgongoni, hiyo ndiyo mara ya kwanza dada yake kutombembeleza.

Kesho yake asubuhi Fundi alikwenda hospitali peke yake, akamweleza daktari yote. Tezi zimeumia, daktari alisema, lakini dawa yenyewe kwa siku kumi za mionzi zilizobaki huenda ikaokoa kidogo. Alipokuja nesi mgeni, Fundi aliomba kichupa, akasoma jina la dawa herufi kwa herufi, ndipo akakunja mkono wa blauzi. Mdogo wake, aliyeondolewa zamu asubuhi hiyo, alisimama mlangoni na beseni la kutapikia. Fundi akalipokea, akalipakata, akageukia ukutani.