Hatua Kumi na Nane

Mazungumzo ya afya yalifanyika kila Jumapili saa tatu asubuhi katika shamba la shangazi yangu, kwenye bonde la Jangwani, mwendo wa robo saa kwa miguu kutoka soko la Kariakoo. Hayakuwa na kiingilio. Ulikuja na miguu yako ya tope, ukatafuta pa kukaa kati ya matuta ya mchicha, ukaandikwa jina. Mwenye kuandika majina nilikuwa mimi. Wakati huo nilikuwa karani katika ofisi moja ya mjini, na balozi wetu wa nyumba kumi alipenda mwandiko wangu. Alinikabidhi daftari la jalada gumu akasema, "Andika kila kitu. Wakiuliza wa juu, tuwe na cha kuwaonyesha."

Ilikuwa miaka ya foleni za sukari na unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano. Kipindupindu kilikuwa kimeingia mjini, na kila mtaa ulikuwa na habari yake ya mtu aliyelala mzima akaamka haoni mbele.

Tuliliita shamba, lakini lilikuwa ukanda mwembamba ulioanzia kwenye njia ya watu, juu, ukateremka mpaka kwenye matete ya mto Msimbazi. Katikati palikuwa na kisima kifupi cha kuchota kwa kopo lililofungwa kamba. Shangazi alilima hapo tangu mume wake, aliyekuwa kuli bandarini, alipofariki. Karatasi ya shamba hakuwa nayo. Hakuna aliyekuwa nayo kule bondeni. Mwaka ule zilivuma habari kwamba bustani zote za bondeni zitafyekwa, kwa sababu mchicha wake unamwagiwa maji machafu kisha unapelekwa sokoni kulisha watu. Shangazi alikwenda kwa balozi akiwa amejifunga khanga kiunoni kama anayekwenda kugombana. Balozi akampa wazo. "Shamba likiwa darasa la afya, nani atathubutu kulifyeka?"

Hivyo ndivyo mazungumzo yalivyoanza. Shangazi hakuyataka kwa kupenda elimu. Alitaka shamba lake libaki.

Msemaji alikuwa Bwana Afya, kijana mrefu wa baiskeli aliyebeba picha zilizochorwa kwenye kitambaa. Picha ya kwanza ilikuwa ya nzi, mkubwa kama kuku.

"Huyu nzi wa wapi?" aliuliza mzee mmoja kutoka nyuma. "Wa kwetu tunamfukuza kwa mkono. Huyu anataka kuchinjwa."

Watu walicheka mpaka Bwana Afya naye akacheka. Yule mzee alikuwa Mnyamwezi, aliyebeba mizigo sokoni mpaka mgongo ukakataa, na sasa alilima bamia katika kipande cha jirani. Shangazi alikuwa Mzaramo, kwa hiyo walikuwa watani, na hawakuwahi kuzungumza kama watu wengine.

"Mzaramo, leo umeoga? Au umejipaka tope uonekane mkulima?"

"Nyamaza, mtumwa wangu. Nilikununua kwa chumvi, na chumvi yenyewe ilikuwa imelowa."

Shamba la yule mzee halikuwa na kisima. Alichota maji kwa shangazi, ya bamia na ya kunywa, kila siku ya Mungu.

Shangazi alikuwa na mtungi uliofunikwa kwa kibao, na kila aliyekuja kwenye mazungumzo alikaribishwa maji. Bwana Afya alipofundisha kwamba maji yachemshwe, Jumapili iliyofuata aliyachemsha mbele ya watu wote, kwenye sufuria kubwa, mpaka yakatokota. Nikaandika: *Maji ya kunywa yamechemshwa.* Ilikuwa kweli. Sikuandika kwamba kuanzia Jumatatu mpaka Jumamosi mkaa ulikuwa wa kupikia ugali tu, na mtungi ulijazwa moja kwa moja kutoka kisimani.

Somo la nne lilikuwa la choo. Bwana Afya alisema bonde zima halina choo hata kimoja na ni aibu. "Kiwe hatua thelathini kutoka kisimani. Na kiwe upande wa chini, sio wa juu, ili uchafu uteremke uende zake." Alirudia mara mbili, nami nikaandika mara mbili. Shangazi alinyanyua mkono akasema choo cha kwanza kitachimbwa kwake, kiwe choo cha mfano. Watu walipiga makofi. Balozi alisema atamwita kiongozi wa kata aje kukifungua.

Wiki ile ile Bwana Afya alihamishiwa Feri, maana ugonjwa ulikuwa umewapata wauza samaki. Tukaachwa na somo lake bila yeye.

Shida ilikuwa hii: upande wa chini wa kisima cha shangazi palikuwa kinamasi. Jembe likiingia mara mbili unakuta maji. Yule mtani wake akaja na jibu.

"Chimba kwangu, kwenye ile kona ya kichuguu. Pakavu, ni chini ya kisima chako, na nimepima mwenyewe, hatua arobaini."

"Nikajisitiri kwa Mnyamwezi? Kesho utaniambia na shamba ni lako."

"Shamba lako nilifanyie nini, mchicha wenyewe mwembamba kama mwenye shamba!"

Wote walicheka, nami nikadhani ni utani. Jioni, tukipanda kurudi Kariakoo, shangazi aliniambia bila kucheka, "Kichuguu kile hakionekani njiani. Mgeni atapita asikione. Na akikiona, ataandika ni choo cha yule mzee. Mimi nataka kikutwe kwangu."

Choo kilichimbwa kwake, juu, karibu na njia. Kilijengwa kwa makuti mapya na kupakwa chokaa mbele, kikawa na kifuniko cha mbao chenye mpini. Kila aliyepita njiani alikiona. Asubuhi moja kabla ya kwenda kazini nilikwenda peke yangu, nikasimama mlangoni pa choo, nikahesabu kushuka mpaka kisimani. Hatua kumi na nane. Nilirudi juu nikahesabu tena. Kumi na nane.

Sikumwambia mtu. Katika daftari nikaandika: *Choo cha mfano kimekamilika.*

Siku ya kufunguliwa, kiongozi alikata utepe uliokuwa kipande cha khanga. Bwana Afya aliomba ruhusa kutoka Feri, akafika hotuba ikiwa katikati. Niliona macho yake yakienda chooni, yakashuka kisimani, yakarudi chooni. Kiongozi alikuwa anasema bonde zima liige mfano wa mama huyu. Bwana Afya alipiga makofi pamoja nasi. Baadaye alimvuta balozi pembeni, na nilisikia balozi akimjibu, "Ndugu, mkubwa ameshakifungua. Sasa tukifunge vipi? Subiri kidogo." Siku ya pili akarudi Feri.

Shangazi alifurahi kuliko nilivyowahi kumwona. Ufyekaji ulipoanza upande wa Magomeni, wafyekaji walifika mpaka kwenye choo chake, wakaambiwa hapa ndipo pale pa mfano, wakageuka.

Kisha ikaja masika. Bonde lilijaa taratibu, kama godoro linavyonyonya maji. Kisima kilipanda mpaka ukaweza kuchota kwa kuinama tu, bila kamba. Shangazi aliona ni neema. Watu wa mashamba jirani waliacha kutumia matete na kuja kutumia choo, kama walivyofundishwa. Nilipoinua kile kifuniko cha mpini, maji yalikuwa yamefika karibu na mdomo wa shimo.

Alhamisi mtani hakuja kuchota maji. Shangazi alimwita kwa mbali, "Mnyamwezi! Leo umekufa?" Tukaenda kumtazama. Tulimkuta kibandani kwake, amelala ubavu, macho yamezama, ngozi ya mikono imejikunja kama ya mtu aliyefua siku nzima. Kopo la maji ya mtungi wetu lilikuwa karibu na kichwa chake. Shangazi alilitazama lile kopo kwa muda mrefu. Mzee alijaribu kusema kitu, pengine cha utani, kwa sababu midomo ilielekea upande wa kicheko. Tulimpeleka kwa mkokoteni wa sokoni. Alifariki kabla ya swala ya Ijumaa.

Hatukupewa maiti. Watu wa afya walizika wenyewe, kwa chokaa, nasi tukawekwa mbali nyuma ya kamba. Kwa desturi, hapo ndipo mtani anapofanya kazi yake: angeruka kamba, angedai jeneza ni lake, angelia kwa uongo mpaka wafiwa wacheke. Ndugu wa marehemu waligeuka kumtafuta shangazi. Mmoja akauliza kwa sauti, "Mtani wake yuko wapi? Mbona anatuacha tulie peke yetu?" Shangazi alikuwa amekaa chini, khanga mdomoni. Hakusimama. Walimsubiri kidogo, kisha wakaendelea kulia.

Wengine wawili waliugua, wakapona. Jumatatu alikuja ofisa kutoka juu pamoja na Bwana Afya. Wakaomba daftari. Majina niliyoyaandika kwa mwandiko mzuri, ya waliokuja kujifunza afya, ndiyo yaliyotumika kujua nyumba zipi zinyunyiziwe dawa.

Ofisa alifika kwenye ukurasa wa choo. "Imeandikwa kimekamilika. Umbali?"

Shangazi alikuwa amesimama kando ya mtungi. Hakunitazama.

"Sikupima," nikasema.

Ofisa alimpa Bwana Afya ishara. Kijana akapima mwenyewe, kwa ile miguu yake mirefu, akatangaza, "Kumi na sita." Balozi alitazama ndala zake. Mchana huohuo kisima kilifukiwa, choo kikabomolewa, na wanaume sita wakafyeka mchicha kutoka juu mpaka kwenye matete. Haikuchukua hata saa moja. Shangazi aliwaomba wamwachie mapanga yake mawili na debe lake la kumwagilia. Wakamwachia.

Mazungumzo hayakukoma. Yalihamia kwenye shamba jingine, ng'ambo ya bonde, na bado yalikuwa ya bure, na bado niliandika majina. Balozi alitaka kila nyumba ije, kwa hiyo shangazi naye alikuja. Alikaa mstari wa mbele, mikono magotini.

Bwana Afya alikuwa na picha mpya: choo juu, kisima chini, mishale myekundu ikiteremka. "Ndugu zangu," alisema, naye hakumtazama mtu, "ipo sehemu moja, sitaitaja jina, choo kilichimbwa juu ya kisima. Hatua kumi na sita tu. Kwa kutojua, mtu akapoteza maisha."

Shangazi alinyanyua mkono.

"Ndiyo, mama."

"Kumi na nane," alisema. "Nilizihesabu mimi kabla ya kuchimba."

Bwana Afya alishika kile kitambaa cha picha kama anayetafuta pa kukikunjia. Kisha shangazi akanigeukia, mara ya kwanza tangu siku ile ya ofisa.

"Andika," akaniambia.

Nikaandika.