Walipohesabu Meno Yangu

Nilipokuwa na miaka kumi na moja, bibi harusi mgeni kijijini kwetu aliniamkia. Tulikutana njiani, yeye na wanawake wenzake wakitoka kisimani, mimi nikimpeleka punda kunywa maji. Alishusha ndoo yake, akainamisha kichwa, akasema, "Shikamoo."

Sikuitikia. Sikuwahi kumwambia mtu mzima marahaba. Wenzake walicheka mpaka maji yakawamwagikia mgongoni.

"Huyo ni mtoto!" mmoja alimwambia. "Yuko darasa la tano. Yeye ndiye wa kukuamkia wewe."

Bibi harusi alifunika mdomo kwa khanga. Mimi nilimpiga punda fimbo ambayo hakustahili, nikaondoka.

Hivyo ndivyo nilivyokuwa. Hapa Maretadu hakuna aliyejua mwili ule niliutoa wapi. Baba ni mtu wa kawaida, mama ni mfupi. Sare yangu ya shule ilishonwa kwa kitambaa cha watoto wawili, na darasani nilikaa nyuma kabisa, magoti yakigonga dawati. Nyumbani mwili huo ulikuwa na faida. Nilishika plau msimu mzima wakati wenzangu bado wanaswaga tu ng'ombe mbele, na baba alizoea kuwaambia majirani kwamba Mungu amempa mtoto mmoja mwenye kazi ya wawili. Alisema kwa furaha. Na mimi nilifurahi.

Mwalimu wa michezo alihamia shuleni kwetu mwaka huo. Alikuwa kijana, mkali, na alitaka sana kuondoka kwenda shule ya mjini. Siku ya kwanza aliniona nikipita na kuni, akaniita.

"Unacheza mpira?"

"Kidogo, mwalimu."

"Kuanzia leo unacheza sana."

Hakunifundisha chenga wala pasi. Alinipeleka mbele ya goli la wapinzani akaniambia nisimame pale. Wenzangu waliagizwa wapige mipira ya juu, na mimi niliipiga kwa kichwa juu ya watoto wasionifikia begani. Waliogongana nami walianguka. Tulishinda Maretadu, tukashinda tarafa, tukashinda Mbulu mjini. Siku moja niliomba nifundishwe kupiga kwa mguu wa kushoto, kama kapteni wetu aliyekuwa mdogo na mwepesi kama swala. Mwalimu alicheka.

"Wewe una mwili," alisema. "Hao ndio wanaohitaji kujifunza."

Nilimwamini. Kwa nini nisimwamini? Watu wazima walinipisha njiani. Wazee waliokuwa hawajui jina langu sasa walimwita baba kwa jina langu.

Mkoa wa Manyara ulikuwa bado mpya, na kila kitu kilichofanyika Babati, makao makuu yake, kilionekana kikubwa. Tulipelekwa huko kwa mashindano ya shule za msingi, nyuma ya lori, tukiimba. Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Mechi ya kwanza nilifunga mara tatu. Kabla ya mechi ya pili, walimu wa timu nyingine walipeleka malalamiko: Mbulu wameleta kijeba. Kijeba ni mtu mzima anayejificha kati ya watoto ili acheze mpira. Neno hilo nililisikia kwanza kutoka kwa watoto waliokaa kandokando ya uwanja. "Kijeba! Baba watoto! Umewaacha na nani nyumbani?"

Mwalimu alituma habari kwetu, na kesho yake baba akafika. Alikuwa amekwenda kwa padri kuchukua cheti changu cha ubatizo, akatembea hadi njia kuu, akapanda gari la mizigo. Alifika na vumbi hadi kwenye kope, cheti akiwa amekifunga ndani ya mfuko wa nailoni. Mmoja wa wasimamizi alikisoma akakirudisha.

"Hiki kinaweza kuwa cha mdogo wake."

"Ni cha huyu," baba alisema. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza, na mbele ya watu wa ofisi kilipungua zaidi. "Huyu mtoto. Mimi nimezaa."

Waliniingiza kwenye chumba, wanaume wanne, mlango ukaachwa wazi kwa ajili ya mwanga. Waliniambia nivue shati. Wakatazama makwapa. Wakaniambia nivue kaptura. Mmoja alisema kitu kwa sauti ya chini na wawili wakacheka. Kisha aliyejiita mganga alinishika taya.

"Fungua mdomo."

Alihesabu meno yangu kwa kidole, ya juu na ya chini, akienda mpaka nyuma kabisa. Nilimwona baba mlangoni. Baba alikuwa mtu wa minada. Kwa miaka yote nilimwona akishika ng'ombe pua, akiinua mdomo wake na kutaja umri bila kukosea. Alielewa vizuri kilichokuwa kinafanyika. Alitazama pembeni.

"Ni mtoto kweli," yule mganga alisema hatimaye, kama mtu aliyepoteza muda. "Magego ya mwisho hana."

Hakuna aliyesema pole. Mwalimu wangu alinipiga begani: "Sasa nenda kawaonyeshe!" Nilikwenda. Nilifunga mara mbili, nikamvunja mkono mtoto wa watu bila kukusudia, na uwanja mzima uliendelea kuniita baba watoto. Tuliposhinda fainali, baba alilia kwa furaha mbele ya watu. Sijui kama alikuwa ameshasahau.

Mwaka uliofuata wenzangu waliingia darasa la saba. Mimi sikwenda nao. Mwalimu alisema hesabu zangu ni dhaifu na ni vizuri nirudie la sita. Hesabu zangu hazikuwa dhaifu. Alitaka apate mwaka mmoja zaidi wa magoli yangu, akaupata, na baada ya hapo uhamisho wake ukatoka.

Mama ndiye peke yake aliyeupinga mpira huo. Usiku na mchana nililalamika maumivu chini ya magoti, penye mfupa uliotokeza. Alinichua kwa mafuta ya kondoo akamwambia baba, "Mifupa yake bado mibichi. Mwache akue."

"Amekua," baba alijibu. "Huoni?"

Nilipomaliza la saba nilichaguliwa kwenda sekondari. Wiki hiyohiyo alikuja mfanyabiashara kutoka upande wa Hanang. Alikuwa mmoja wa wale waliochipuka biashara ilipofunguliwa kwa watu binafsi: alinunua mbaazi na ngano kuanzia Masakta mpaka Katesh, alikuwa na malori, na sasa alikuwa na timu ya watu wazima iliyobeba picha ya lori kifuani. Alileta sukari, majani ya chai na njumu mpya. Zilikuwa njumu za kwanza maishani mwangu kunitosha.

"Shule ipo tu, haikimbii," alimwambia baba. "Mpira una wakati wake. Kijana huyu atachezea taifa, andika maneno yangu."

Kulikuwa na tatizo moja. Ligi ile ilikuwa ya watu wazima, na mimi nilikuwa na miaka kumi na minne. Mfanyabiashara alisema si tatizo, mzazi akithibitisha.

Tulikwenda watatu kwenye ofisi ya serikali. Karani aliuliza umri. Baba alikuwa amevaa koti lake la kanisani. Alinyoosha mgongo akasema, "Kumi na nane, anaingia kumi na tisa." Aliapa na kuweka dole gumba. Cheti cha ubatizo kilikuwa nyumbani ndani ya sanduku. Nilisimama pale nikinyamaza, kwa sababu nami nilitaka. Hilo lazima niliseme. Nilitaka zile njumu na jezi yenye lori, na nilitaka kuondoka Maretadu nikiwa mtu.

Nilicheza Hanang miaka mitatu. Mabeki wa huko walikuwa wanaume wenye wake na mashamba, na hawakuanguka waliponigonga. Nilianguka mimi. Kocha alinifokea kwa Kiswahili cha haraka ambacho nusu yake sikukifuata. Goti la kulia lilipovimba waliniita mvivu, kisha wakaleta mtu wa kunichoma sindano ya ganzi kabla ya mechi. Nilicheza bila kuhisi mguu. Maumivu yalirudi jioni, nikiwa nimelala juu ya magunia ya mbaazi kwenye stoo, maana hicho ndicho kilikuwa chumba changu.

Na mwili uliacha kukua. Hakuna aliyenionya kwamba hilo linawezekana. Nilikuwa nimefika urefu wangu wote nikiwa na miaka kumi na mitatu, mapema kuliko wengine, basi. Wenzangu wa rika langu waliendelea kupanda taratibu, mwaka hadi mwaka, na walipokuwa wafupi walikuwa wamejifunza chenga, pasi, mguu wa kushoto. Nilipofika miaka kumi na saba nilikuwa mrefu wa kawaida mwenye goti bovu. Mfanyabiashara alinipeleka Arusha kufanyiwa majaribio. Kocha wa huko alinitazama nusu saa, akamwita mfanyabiashara, mwenye mali yake.

"Huyu nani alimfundisha?"

"Amecheza tangu mdogo."

"Nimeona amecheza," kocha alisema. "Nimeuliza nani alimfundisha."

Tuliporudi, mfanyabiashara aliniambia njumu nibaki nazo. Nilishushwa njia panda na mmoja wa madereva wake, nikatembea mpaka nyumbani.

Sekondari nafasi yangu haikuwepo tena. Kwenye karatasi za serikali nilikuwa mtu wa miaka ishirini na kitu. Kapteni wetu yule mwepesi kama swala hakucheza mpira popote. Alisoma, sasa ni bwana shamba huko Yaeda Chini. Mimi nalima. Goti linatabiri mvua vizuri kuliko redio.

Mwaka juzi nilikutana na mwalimu mnadani. Amenenepa, ana cheo cha elimu, alikuwa na wageni. Niliondoa kofia.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba! Huyu," aliwaambia wageni, "nilimwibua mimi. Tulichukua kombe la mkoa. Alikuwa na kipaji, lakini vijana wa huku wanachezea bahati."

Nilikuwa na miaka mingi ya kuandaa maneno kwa ajili ya siku hiyo. "Ulinirudisha darasa," nilisema. "Nilikuwa nimefaulu."

"Enh?"

"Darasa la sita. Nilikuwa nimefaulu hesabu."

Alicheka, akaniambia mambo ya zamani hayo, akawageukia wageni akawaonyesha fahali mweusi aliyekuwa amefungwa karibu. Mmoja wao aliuliza ana umri gani. Nikavaa kofia yangu, nikaenda kumtafuta mke wangu upande wa wauza mahindi.