Sauti Yangu Ilikuwa Nzito Mno kwa Simu

Kazi yangu ni kutangaza. Nina kigari kikuukuu chenye spika mbili juu ya paa, na kwa miaka mingi nimezunguka nacho Makorora, hapa Tanga, na mitaa ya jirani nikitangaza misiba, chanjo, maji yatakayokatika na mbuzi waliopotea. Ligi ya kata inapochezwa, nashuka garini na kipaza sauti changu, nasimama kando ya uwanja na kutangaza mpira. Huko ndiko nilikopata sifa, na sifa ndizo zilizoniponza.

Siku moja, mpira ulipokwisha, alinijia dada mmoja wa miaka kama thelathini, mwembamba, mwenye miwani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umepotelewa na nini?"

Hakuwa amepotelewa na kitu. Alikuwa mhandisi wa kompyuta, Msambaa wa Lushoto, binti wa mwinjilisti wa Kilutheri, na alizungumza polepole kama anayesoma matangazo ya ndoa kanisani. Yeye na wenzake walikuwa wamepanga chumba ghorofani, juu ya duka la unga, wakitengeneza gemu la mpira la zile mashine zinazochomekwa kwenye runinga, ambazo watu huzichezea vibandani kwa kubonyeza pedi. Wachezaji walikuwa wamekwisha kuumbwa na uwanja ulikuwa tayari. Kilichokosekana ni mtangazaji, na dada huyo hakutaka sauti ya kutoka mbali. Alitaka mtu wa Tanga.

Nilikubali kabla hajamaliza kusema.

Tulirekodi katika chumba kilichozibwa magodoro kila ukuta. Feni ilizimwa kwa sababu muungurumo wake ulisikika kwenye kinasa sauti. Nilitoka humo kila siku nimelowa chapachapa. Kwa kila tukio nilitakiwa kusema sentensi kumi tofauti, ili gemu lisijirudie, na mimi kwa kiburi nilisema ishirini. "Beki huyu anakaba kama aliyetumwa chumvi akasahau duka liko wapi!" "Mpira umempita kipa katikati ya miguu, na yeye bado anautafuta kwa jirani!" "Penalti imepaa! Atakayeiokota aipeleke kwa mjumbe wa nyumba kumi!"

Gemu lilipendwa. Nilikuwa nikipita vibandani, nikisikia sauti yangu inatoka ndani, basi nasimama mlangoni kuulizia njia ya kwenda mahali ninapopajua tangu utotoni, ili tu mtu ageuke aseme, "Alaa! Kumbe ni wewe!"

Kisha mfadhili akapiga simu. Mfadhili wetu alikaa Dar es Salaam, na sisi tulimjua kwa sauti tu, kupitia simu iliyowekwa mezani. Alisema, "Kila mtu ana simu. Hamisheni gemu liingie kwenye simu." Alilitamka neno hilo, hamisheni, kama mtu anayeagiza kitanda kitolewe chumba cha uani kiletwe cha mbele.

Simu ya kwanza kujaribiwa ilikuwa yangu, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa mbovu kuliko zote, na mhandisi alisema simu za wateja zitakuwa kama hiyo. Ili gemu lienee, nilifuta picha za harusi tatu na hotuba moja ya sheikh. Mechi ikaanza. Dakika ya kumi wachezaji wakawa wanakimbia kama wamo ndani ya matope. Dakika ya ishirini simu ikapata moto, nikawa naihamisha kutoka kiganja hadi kiganja kama kiazi kilichotoka chunguni. Kabla ya mapumziko ikazimika.

"Tutapunguza," akasema mhandisi.

Akaanza kupunguza. Kila asubuhi nilipopanda ngazi niliambiwa nani katoka. "Leo nimewatoa mashabiki." Mashabiki waligeuzwa picha moja iliyobandikwa ukutani, wote wanapiga makofi kwa pamoja kama wanafunzi waliotembelewa na mkaguzi. Kesho yake ilitoka mvua. Kesho kutwa wakatoka makocha, benchi na wachezaji wote wa akiba, hivyo aliyeumia aliinuka mwenyewe akaendelea. Yakatoka na marudio ya goli, ile sehemu ya kuonyesha bao mara ya pili. Mimi nilicheka sana siku hizo. "Toa tu, mwanangu," nilimwambia. "Mpira ni mpira."

Kulikuwa na shida ya vidole pia. Kwa kuwa simu haina pedi, vitufe vilichorwa juu ya kioo, na dole gumba langu si dogo. Winga wa kulia alicheza mechi nzima chini ya kucha yangu. Nilikuja kumwona siku nilipopiga chafya.

Asubuhi moja mhandisi alinivutia kiti, akanimiminia chai mwenyewe. Hapo ningepaswa kujua kuna jambo.

"Mzee, sauti yako ni nzito sana."

"Namshukuru Mungu," nikajibu. "Marehemu baba alikuwa nayo vilevile."

Akavua miwani, akaifuta.

"Nina maana inachukua nafasi, mzee. Ina uzito kuliko uwanja, nyasi na wachezaji wote ishirini na wawili kwa pamoja."

Sikumaliza chai. Nilirudi nyumbani nikamweleza mke wangu, ambaye ni fundi cherehani, nikitarajia pole. Hakuinua hata macho kwenye pindo alilokuwa akilishona.

"Mimi mwenyewe ningekupunguza zamani," akasema. "Sikujua tu pa kubonyeza."

Tukaanza kupatana, mimi na mhandisi, sentensi kwa sentensi. Yeye alitaka zibaki chache, mimi nilizitetea zote kama watoto wanaofukuzwa shule. Yule beki aliyetumwa chumvi alikwenda siku ya kwanza. Kipa na jirani yake wakafuata. Penalti niliipigania siku mbili nzima. Kwanza akakatwa mjumbe, halafu wa kuokota, na mwisho likabaki neno moja, "Imepaa!" Nililirekodi nikiwa nimefumba macho. Naona haya kusema, lakini usiku ule sikula.

Gemu lilipopungua vya kutosha, mhandisi akasema tulipeleke mbali na mjini, likajaribiwe na watu wasiotujua. Tukaenda Moa kwa gari langu la matangazo. Pale kijiweni kwa bodaboda tukagawa gemu kwenye simu za watu, tukasimama kando na daftari.

Jua la saa saba lilikuwa limepiga kwenye vioo, timu iliyovaa nyeupe ikatoweka yote, watu wakawa wanawapa pasi majini. Moa iko karibu na mpaka, na mtandao wa nchi jirani huingia bila kubisha hodi. Kijana mmoja wa bodaboda alikuwa anarudi nyuma kupiga penalti, ujumbe ukatokea katikati ya goli ukimkaribisha ugenini. Alipoufunga, mpira ulikuwa umekwisha kupigwa, hakuna anayejua na nani.

Pembeni yetu alikaa mama mmoja muuza samaki, mtu wa makamo, mcheshi, na ndoo yake mbele. Aliomba naye ajaribu. Akafuta kidole kwenye kanga, lakini magamba na maji ya samaki hayaishi kwa kufuta mara moja, na simu ikaamini ana vidole kumi na vitano. Kipa wake alikuwa anaruka huku na huku kama aliyeingiliwa na siafu. Mama hakujali. Alicheza huku anacheka, akafunga bao, akafungwa matatu.

Mimi nilikuwa nimeinama karibu naye, natega sikio. Sikusikia kitu.

"Dada, mbona halisemi?"

"Nimelizima kelele, kaka yangu."

"Kwa nini?"

"Mume wangu yuko pale anaparua samaki. Akisikia si atajua nacheza?"

Nikazunguka kijiwe kizima, nikiangalia simu moja baada ya nyingine. Kila moja ilikuwa imezimwa sauti. Huyu alikuwa anaokoa chaji. Yule aliogopa kuudhi watu walio msikitini. Wa tatu alikuwa amemwambia abiria kwa simu kwamba yuko njiani anakuja, na mtu aliye njiani hawezi kusikika anafunga magoli. Hakuna hata mmoja aliyewahi kusikia "Imepaa!" yangu, ile iliyonilaza na njaa.

Wakati wa kurudi niliendesha mpaka tukaiacha Moa mbali nyuma. Kisha nikasema, "Itoe yote, mwanangu. Usibakize hata kikohozi."

Nilidhani atafurahi. Badala yake akageuka kunitazama, na nikaona kwamba naye amesikitika, maana yeye ndiye aliyenitafuta uwanjani siku ile.

"Mzee," akasema, "unajua kuandika?"

"Unanitukana sasa?"

"Hapana. Maneno ya kuandika hayana uzito. Sentensi zako zote, zote kabisa, zikiandikwa hazifikii uzito wa 'Imepaa' moja. Na pale nilipotoa marudio ya goli pana nafasi tupu. Bao likiingia, kioo kinakaa sekunde kadhaa hakina kazi."

Niliegesha gari pembeni. Nilitaka nimsikie vizuri.

Basi nikawa mwandishi uzeeni. Haikuwa rahisi. Mdomoni nina pumzi, nina kuvuta neno, nina kunyamaza ghafla watu wakacheka. Kwenye karatasi nilikuwa na mkato tu. Lakini beki wangu alirudi na chumvi yake, kipa akarudi kwa jirani, penalti ikarudishiwa mjumbe. Mhandisi alizipanga zote, hakulalamika kuhusu nafasi hata mara moja, na gemu likatoka.

Mwezi haukuisha akanipigia simu, sauti imekauka. "Mzee, kuna kosa kwa kipa."

Yeye anaweza kuona kwenye kompyuta yake jinsi watu wanavyocheza. Mahali pengine watu walikuwa wanafungwa kwa kiasi. Tanga, na hasa Makorora, walikuwa wanafungwa kama hawana kipa kabisa. Alimfumua kipa akamkagua mkono kwa mkono, wiki nzima, asione kasoro. Mwisho akaja nyumbani kwangu na kompyuta yake, akitaka kutazama mtu wa Makorora akicheza.

Alimkuta mke wangu barazani, amekaa mkekani na jirani zetu wawili, simu iko katikati yao. Tukasimama nyuma yao. Timu pinzani ikaja na mpira, taratibu, mke wangu akamshika kipa akamsogeza pembeni kabisa ya goli. Mpira ukapita. Wote watatu wakainama haraka kusoma, kisha wakaangua kicheko mpaka jirani mmoja akalala chali.

"Shikamoo, mama," mhandisi akasema. "Samahani, mbona umemwondoa kipa?"

"Marahaba, mwanangu. Nafungwa ili nisome."

"Usome?"

"Nikishinda linaniandikia 'Hongera' basi. Nikifungwa, ndiyo naambiwa mambo."

Ilikuwa kweli. Maneno yote matamu nilikuwa nimewaandikia walioshindwa. Kusifu sikuwahi kujua.

Mhandisi alikaa chini pale mkekani bila kukaribishwa, akafunga kompyuta, akacheka mpaka miwani ikamtoka. Sikuwa nimewahi kumwona hivyo kabla ya siku ile. Alipotulia akampigia mfadhili, akamweleza kila kitu kwa ile sauti yake ya kanisani. Kisha mfadhili akasema kwa uzito wote, kama aliyegundua mwenyewe, "Basi na washindi nao wasemwe."

Kazi hiyo ikanishinda. Mtu aliyeshindwa ana mengi ya kusemwa, lakini mshindi utamsema nini? Nilikaa na karatasi siku tatu, nikaandika vitu vya kipumbavu, nikachana. Siku ya nne nikamuuliza mke wangu, ambaye alikuwa anatunga uzi kwenye sindano, jicho moja amelifumba.

"Mtu akishinda, unamwambia nini?"

Hakufikiri hata kidogo. "Umeshinda. Haya, kaoshe vyombo."

Nikaiandika vivyo hivyo, nikaipeleka ghorofani.