Neno Moja Lililofunga Njia ya Mwambani

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mwanamke mwenye kofia ngumu ya rangi ya chungwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, shingo ameikunja nyuma, darubini machoni. Mbele yake mwamba umesimama wima, mrefu kuliko nyumba ya ghorofa kumi, bado una baridi ya usiku. Magotini ana rundo la karatasi. Upande mmoja ni mkataba wa kupangisha chumba wa mtu asiyemjua, uliotoka mashineni na mstari mweusi katikati. Upande wa pili, kwa penseli, ni huo mwamba.

"Wamehama," anasema. "Mara ya mwisho walikuwa kwenye ufa wa kushoto. Leo wako kulia, tena wengi."

Anazungumzia nyuki. Anachukua penseli na kuandika: "Mama Mkwe: nyuki. Usipande mpaka uambiwe."

Mama Mkwe si mtu. Ni jina la mojawapo ya njia 34 za kupanda mwamba huu, na yeye ndiye aliyeibatiza. "Ukiwa popote pale juu unahisi unatazamwa," anaeleza, "na hakuna unachofanya kikaonekana sawa."

Watu humwita Mama Ramani. Ana miaka 49, watoto watatu waliokwisha kuhama nyumbani, na duka la kutoa nakala lenye upana wa milango miwili, kando ya kituo cha mabasi. Mashine anazo mbili, moja nzima na moja ya kubembelezwa. Humo ndimo anamochapa barua za kuomba kazi na kuvika vyeti vya kuzaliwa plastiki. Humo pia ndimo kinamotoka kijitabu cha kurasa 48 ambacho wapanda miamba wa upande huu hawaendi popote bila kuwa nacho.

Kijitabu kinaeleza mwamba uko wapi, unafikiwaje, ardhi ni ya nani, pete za chuma za kupitishia kamba ziko ngapi, na mtu mwenye mikono mifupi atajutia wapi. Nje ya duka kuna ubao wenye habari za siku hiyo. Mwaka juzi ubao huo uliandikwa "Jiwe kubwa limelegea juu ya njia ya tatu," na siku nne baadaye jiwe likaanguka. Hapakuwa na mtu chini.

Lakini kwa wiki tisa hakuna aliyepanda. Geti la kuingilia limefungwa kwa mnyororo, na pembeni yake yamepangwa matofali mia sita. Leo ni Jumamosi ya majaribio, siku moja tu aliyoitoa mwenye ardhi. Ikienda vizuri, geti litabaki. Ikienda vibaya, Jumatatu fundi mwashi anaanza kuchimba msingi wa ukuta. Asubuhi hii Mama Ramani ameruhusiwa kupita peke yake ili akague mwamba kabla ya wenzake.

Na mwenye kosa, anasema bila kuzungukazunguka, ni yeye.

Alianza kazi hii miaka kumi na moja iliyopita, tena kwa sababu ya kukerwa. Mwalimu mmoja wa hesabu, mpandaji wa siku nyingi, alifika dukani kutoa nakala ya karatasi yenye mchoro wa mwamba. Ilikuwa nakala ya nakala ya nakala.

"Nikamwambia, Mwalimu, hii ni ramani au ni picha ya kunguru gizani?" anakumbuka huku akicheka. "Akasema wanaielewa. Nikamuuliza, mmeshaumia wangapi?"

Alijitolea kuichora upya, na ili achore ilibidi auone mwamba wenyewe. Mwendo wa dakika hamsini kwa miguu. Mumewe, fundi wa kuchomelea vyuma, anaikumbuka siku hiyo vizuri. "Mke wangu aliaga anakwenda kununua wino," anasema. "Akarudi jioni na majani kichwani, wino hana."

Haikupita miaka mitano naye akafungwa kamba kiunoni. Safari ya kwanza alifika mita nne akakumbatia jiwe na kukataa kuliachia. Mwalimu alimkumbusha kutoka chini kwamba mpanda ngazi hushuka. "Nikamjibu, basi niletee ngazi!" Siku hizi hupanda njia 21 kati ya zile 34, na zile 13 asizoziweza huzipima kwa kamba aliyoifunga fundo kila baada ya mita moja. Hachapi asichokipima.

Faida yake si ya kutajirisha mtu. Kabla geti halijafungwa aliuza vijitabu kama ishirini kwa mwezi, na hiyo ilimlipia theluthi ya kodi ya duka. Kinachomlisha hasa ni vyeti na barua za watu. "Lakini barua ya kazi mtu akishapeleka, hanikumbuki tena," anasema. "Huyu wa mwambani anarudi kuniambia, mama, ule ukurasa wa kumi na tisa umeniokoa."

Kosa lenyewe lilikuwa na maneno manane. Kwenye toleo la mwaka huu, ukurasa wa tatu, aliandika: "Njia ya kwenda mwambani iko wazi siku zote." Alimaanisha kwamba haioti nyasi, haizibwi na matope, haipotezi mtu. Ndivyo alivyoiona kwa macho yake.

Wasomaji walielewa vingine. Walielewa kwamba haina kizuizi wala mwenyewe, mtu aje tu. Jumapili moja wakaja watu 31 kwa mkupuo, wakakatiza uwanja wa nyumba iliyo chini ya mwamba, nyumba ya mwenye ardhi, muuguzi mstaafu wa miaka 71 ambaye mtaa mzima unamwita Sista. Mmoja wao akanawa miguu kwenye bomba la tangi lake, akaondoka bila kulifunga. Lilikuwa tangi la lita elfu mbili, na ilikuwa katikati ya kiangazi.

"Niliamka Jumatatu nataka chai," anasimulia Sista, "nikafungua bomba, likanikoholea hewa."

Siku ile ile akanunua mnyororo. Mama Ramani alipokwenda kuomba radhi, alikuta Sista amekishika kijitabu mkononi. Alimwamkia shikamoo, akajibiwa marahaba, halafu swali: "Wewe ndiye uliyesema njia yangu iko wazi?"

"Wanasema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi," anasema Mama Ramani. "Mimi nilijikwaa kalamu, na kalamu haina hata damu ya kukuonya." Alijaribu kueleza maana aliyoikusudia. Sista akamwambia maji yakimwagika hayazoleki, akafunga mlango. Mama Ramani anakiri kwamba alilia njia nzima hadi dukani.

Wapandaji walikuwa na dawa yao. Nyuma ya mwamba kuna kichochoro kinachopita kwenye shamba la jirani asiyekaa hapo. Wakamwomba akichore, akichape, mambo yaishe. Hata Mwalimu alimsihi. "Nilimwambia, mama, biashara yako inakufa na sisi tunakauka mikono," anasema Mwalimu, na sasa anaona haya kidogo. "Alinitazama kama mwanafunzi aliyeiba mtihani. Akasema, njia ya wizi siiandiki."

Badala yake alifanya jambo ambalo hakuna aliyemtuma. Aliviondoa vijitabu vyote mezani. Kisha akatoa daftari lake la wateja na kuanza kuzisaka nakala 180 za toleo hilo alizokwisha kuuza. Alipiga simu, akatuma ujumbe, akapanda mabasi. Kila alipoipata nakala alifungua ukurasa wa tatu, akakata sentensi ile kwa wino, akaandika pembeni: "Geti limefungwa. Mwenye ardhi amekosewa. Usiende." Akaweka sahihi.

Kwa wiki sita alizipata 163. Mumewe alimwambia jamani inatosha, zilizobaki labda zimeshafungia vitu sokoni. "Nikamwambia haitoshi mpaka ziishe," anasema. Hakuzimaliza, na zile 17 bado zinamnyima raha.

Habari za mwanamke anayezunguka na kalamu zilimfikia Sista kabla ya Mama Ramani mwenyewe kurudi pale. Safari hii alikaribishwa barazani, akapewa kiti. Hakuomba geti lifunguliwe. Alitoa karatasi na kumwomba Sista asikilize ukurasa mpya.

"Ulikuwa mrefu, wa kubembeleza," anasema Sista, akikunja uso. "Tafadhali hivi, tafadhali vile. Nimegawa dawa miaka 38. Mgonjwa humwambii 'tafadhali jitahidi.' Unamwambia kutwa mara tatu, baada ya chakula. Nikamwambia, mwanangu, niandikie kama dawa."

Kwa Jumatano tatu mfululizo walikaa barazani wakiandika, mmoja na penseli, mwingine na fimbo yake ya kutembelea, ambayo aliigonga chini kila neno lilipomchukiza. Mzozo mkubwa ulikuwa juu ya hodi. Mama Ramani alikuwa ameandika, "Piga hodi, kisha upite." Fimbo ikagonga mara mbili.

"Hodi ni swali," Sista alimwambia. "Watu wa siku hizi wanaipiga kama honi."

Ukurasa uliotoka hapo una mistari saba. Watu sita, si zaidi. Jumamosi na Jumatano. Kabla ya saa tatu asubuhi. Piga hodi, ngoja ujibiwe. Usipojibiwa mara tatu, rudi nyumbani. Maji njoo nayo. Marufuku kwa waliolewa pombe.

Leo, saa mbili na dakika arobaini, wapandaji sita wamesimama nje ya geti na mabegi yao, Mwalimu akiwa mbele, shati amechomekea. Anapiga hodi. Kimya. Anapiga ya pili. Kimya. Mama Ramani, aliyesimama upande wa ndani, anafunga macho.

"Hodi," Mwalimu anapiga ya tatu, sauti imekwaruza.

"Karibuni," inajibu sauti kutoka barazani, bila haraka. Baadaye Sista atakiri kwamba aliisikia tangu ya kwanza.

Mambo yanakwenda vizuri kwa saa moja. Kamba zinapanda, Mama Mkwe anaachiwa nyuki wake. Halafu saa nne kasoro, gari dogo lenye vumbi linasimama getini. Wanateremka vijana wanne wenye kamba mpya. Mmoja ana kijitabu mkononi, na Mama Ramani anaitambua rangi ya jalada akiwa bado mbali. Ni mojawapo ya zile 17.

Anashuka mbio. Sista naye amesimama barazani, fimbo mkono mmoja, mnyororo wa geti mkono wa pili.

"Tumeendesha saa tatu, mama," anasema mwenye kijitabu. "Na hapa imeandikwa njia iko wazi siku zote."

Mama Ramani angeweza kumtupia lawama mwenye ardhi, au mchapaji wa kubuni. Anakipokea kijitabu, anakilaza juu ya boneti ya gari, anafungua ukurasa wa tatu. "Aliyeandika ni mimi," anasema. "Nilikosea. Leo hampiti." Anakata mstari, anaandika ule mpya, anaweka sahihi.

Vijana wanalalamika, na wana haki. Mmoja anauliza kama watu wanne tu wataharibu nini. Mama Ramani anamwambia kwamba watu sita wamekwisha kuingia na hesabu ni hiyo. Kisha anatoa simu, anampigia mwenye mwamba mwingine mdogo, mwendo wa nusu saa kwa gari, anamwomba ruhusa, anamngoja hadi amjibu ndiyo. Anawachorea njia ya kufika huko nyuma ya risiti yao ya mafuta. Gari linageuza.

Anapanda ngazi za baraza taratibu, kama mtu anayekwenda kusomewa hukumu.

"Nilikuwa nimeshaushika mnyororo," Sista anamwambia. "Nilitaka kuona kama utawapitisha kwa huruma."

"Nilitaka, Mama. Saa tatu ni mbali."

"Najua. Nilikuona." Sista anakaa. Kisha anaanza kuzungumza habari za matofali. Mia sita, anasema, hayaishii kwenye choo kimoja, lakini choo ndicho kitakachoanza, kwa sababu watu waliobeba maji yao wenyewe watatafuta mahali pa kuyapeleka. Fundi mwashi anakuja Jumatatu kama alivyopangiwa, ila msingi utakuwa wa choo, si wa ukuta, kule kwenye kona ya uwanja. Mnyororo Mama Ramani autafutie mbuzi wa kufungwa nao.

Mama Ramani anacheka, kisha anafuta macho kwa ukingo wa kanga, wala hajifichi.

Juu, mtu amefika kileleni na anapiga kelele za furaha. Sista anainua uso kumtafuta. Alinunua kiwanja hiki kwa mishahara yake ya kwanza, amefua, amepika na kulea chini ya mwamba huu kwa miaka arobaini, na hajawahi kuiona nyumba yake kutoka kule juu. Anaomba kijitabu. Analowesha kidole, anafunua kurasa moja moja, zote 48, kisha anakirudisha.

"Na mwenye magoti kama yangu," anauliza, "umemwandikia ukurasa gani?"

Mama Ramani hajauandika ukurasa huo. Katika miaka kumi na moja hakuwahi kuulizwa.

Jumanne ijayo, anasema, duka litafungwa mchana. Atamtafuta mwenye shamba la nyuma ya mwamba, popote anapoishi, amwombe ruhusa ya kutembea kwenye mteremko ule usio mkali. Atahesabu hatua, ataweka alama kwenye kila jiwe linalofaa kukaliwa, na penye utelezi mumewe atachomelea chuma cha kushikia, mwenye shamba akikubali. Hajui itachukua miezi mingapi.

"Huo ukurasa sitauchapa," anasema, akikusanya karatasi zake, "mpaka niupande naye, hatua kwa hatua, yeye ametangulia."