Usichume Mpaka Jua Lizame

Yule mzee wa kanisa nilimchukia. Naliandika hili bila kutafuna maneno, na kama kuna mtu wa Suna, kwetu Migori, wa miaka ile ya tisini atakayesoma akaudhika, na audhike.

Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na kanisani nikapewa kikundi cha vijana: wavulana na wasichana wa kufunga skafu shingoni, kuimba, kupiga kambi na kujifunza maumbile. Hayo ya maumbile ndiyo niliyoyapenda. Kila mmoja wao alitakiwa kukusanya maua na majani ya kwetu, ayakaushe kati ya kurasa za magazeti chini ya godoro, kisha ayataje kwa majina. Anayekamilisha anavishwa beji na kwenda kambi kubwa kule Homa Bay, kando ya ziwa. Asiyekamilisha anabaki nyumbani.

Sasa niambie, watoto hao wangekusanya lini? Siku za wiki wako shule. Jumapili wako shambani na mama zao. Ilibaki Jumamosi alasiri, Sabato yetu, na Sabato ilikuwa na mwenyewe.

Mwenyewe ni yule mzee, aliyewekwa kusimamia mambo ya vijana. "Kutembea na kutazama kazi ya Mungu, ruhusa," alitutangazia. "Lakini kuchuma ni kuvuna, na kuvuna ni kazi. Jua likishazama, chumeni mpendavyo." Basi tukawa tunatembea njia ya mtoni mikono nyuma kama wafungwa. Mtoto akiliona ua analolihitaji, anasimama kando yake kulilinda. Ungepita pale jioni ungedhani tumerukwa na akili: watoto wametapakaa vichakani, kila mmoja na kichaka chake, wote wamekodolea macho magharibi. Jua likizama tu, wanainama kwa pamoja. Wakati mwingine mbuzi walitutangulia kuyala. "Mwalimu, langu mbuzi amemanga!" mvulana mmoja alipiga kelele, na wenzake wakacheka hadi wakakaa chini. Mbuzi hawakuwa washirika wa kanisa letu.

Wala ng'ombe wa mzee hawakuwa. Hao walikamuliwa kila Sabato asubuhi na kijana wa kuajiriwa asiye wa imani yetu, na maziwa mzee akayanywa. Siku moja nilimuuliza kama kukamua si kazi. Akanitazama kutoka miguuni hadi kichwani. "Dada mwalimu, wewe uliletwa hapa kufundisha au kupeleleza?" Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Tangu siku hiyo hatukusalimiana ila mbele za watu.

Katika kikundi kulikuwa na msichana aliyelelewa na shangazi yake, muuza omena, dagaa wa ziwani, sokoni. Kila jioni msichana huyo alichambua omena mpaka vidole vikanuka ziwa, lakini ziwa lenyewe hakuwahi kuliona. Mara ngapi aliniuliza kama ni kweli maji yale hupiga kelele! Kambi ya Homa Bay aliitaka kuliko nguo mpya ya Krismasi. Alikuwa amebakisha ua moja tu, lile jekundu lenye kingo za manjano, petali zake zikijikunja kwenda juu kama moto wa kuni. Halionekani ovyo. Hungoja mvua ikolee.

Sabato ya mwisho kabla ya kambi alilipata, moja peke yake, ukingoni mwa barabara. Akasimama kulilinda. Mara wakatokea wafanyabiashara wakiswaga ng'ombe kutoka mnada wa Ogwedhi, fimbo na miluzi, kundi limejaa barabara nzima na kumwagikia vichakani. Mimi nilikuwa mbali kidogo, nikamwona akilitazama jua. Lilikuwa bado juu. Akawatazama ng'ombe. Akalichuma.

Tuliporudi kanisani kuifunga Sabato, mzee aliuliza swali lake la kila wiki: "Kuna aliyechuma kabla ya jua kuzama?" Hakuna aliyewahi kulijibu. Yule msichana akainua mkono. "Mimi, mzee." Yawa! Kati ya watoto wote, ukweli ulimponza huyo.

Baraza la kanisa likaitwa. Mzee alitaka avuliwe skafu na asiende kambi. Mimi nilikuwa nimejiandaa. Nikasimama nikawakumbusha wanafunzi wa Yesu, waliopita shambani siku ya Sabato wakavunja masuke wakala, na Bwana wao akawatetea. Mzee hakubabaika hata kidogo.

"Wale walikuwa na njaa," alisema. "Huyu naye alikuwa na njaa ya ua?"

Watu wakacheka. Msichana alikuwa amesimamishwa karibu na mlango, na hakuna aliyekuwa amemwomba aseme.

"Ndiyo, mzee," alisema. "Nilikuwa na njaa."

Kicheko kikakatika. Mama mmoja mbele yangu alijifuta macho kwa leso, nami nikadhani tumeshinda. Mzee akasema, "Wanaokubali abaki nyumbani, inueni mikono." Mikono ikainuka mmoja baada ya mwingine, hata wa yule mama. Kisha akamwamuru msichana ajivue skafu mwenyewe. Fundo lilikuwa limekaza, akawa anahangaika nalo, na mzee akakaa tu akitazama, mkono ameunyoosha kuipokea. Hapo nikaivua na yangu, nikamtupia mezani. "Vaa zote mbili, baba. Labda zitakutosha." Sikurudi tena katika kanisa lile.

Wenzake walikwenda Homa Bay, wakarudi na beji zao. Jumapili iliyofuata nilimwomba shangazi yake ruhusa, nikampeleka mwenyewe.

Tulipofika ufukweni hatukuona maji. Magugumaji yalikuwa yamefunika ziwa lote mbele yetu, kijani hadi mbali, na maua ya zambarau juu yake. Mashua zilikuwa zimekwama, wavuvi wamekaa wakitukana. "Mwalimu, ziwa liko wapi?" "Chini ya hayo," nilimwambia.

Mvuvi mmoja alituuliza tunatafuta nini. Nikamwambia tumetoka Migori, na mtoto huyu hukusanya maua. Akaruka juu. "Maua? Wololo! Chuma, nyathina, mwanangu! Chuma yote, beba mpaka Migori!" Wenzake wakaangua kicheko, wakawa wanamwonyesha yaliyo makubwa.

Na yeye akacheka. Akakunja gauni, akaingia mpaka maji yakamfika vifundoni, akanyoosha mkono kwenye ua la karibu. Halafu mkono ukasimama. Akageuza shingo, akalitafuta jua. Lilikuwa la adhuhuri, na ilikuwa Jumapili.

"Mwalimu," aliuliza, "tungoje?"

Watu huniambia yule mzee alishafariki, nimsamehe. Nikiikumbuka shingo ile ikigeuka, siwezi.