Fuko Alipita Bila Ruhusa

Mzee Ekisa alilinda mpaka wa Malaba hadi akastaafu, na tangu arudi kwake Adungosi hakuna aliyepumzika. Shamba dogo la mihogo nyuma ya jikoni alilizungushia seng'enge, akatia geti lenye kufuli, na kila asubuhi alilikagua akiwa na buti zake za kazi, kifua mbele. Kuku wa jirani akisogea, anafokewa kama jambazi. Mkewe, Amuge, alimwambia atege mitego ya fuko ardhini. Akamjibu kwamba mitego ni ya watu wasiojua ulinzi.

Siku ya kuvuna, Amuge alishika shina lenye majani mabichi, akavuta. Likatoka jepesi kama mwiko. Chini palikuwa na shimo tupu. Fuko alikuwa amekula mihogo yote, akabakisha majani ya kumfurahisha mlinzi.

"Nani huyu anapita kwangu bila ruhusa?" Mzee alinguruma, akichokoa shimo kwa fimbo. "Mimi hakuna kitu kinanipita!"

Amuge alikumbuka sukari na mafuta yaliyovushwa kwa njia za panya, zile za vichakani, mumewe akiwa ameangalia pembeni. Akacheka mpaka akakaa chini.

"Mzee, kule Malaba vilikupita vingi, na hukupiga kelele hivi."

"Hiyo ilikuwa tofauti!"

"Najua," Amuge alisema, akifuta machozi. "Huyu hajakuachia chai."