Nusu Yangu ya Rozari

Niliacha shule darasa la nne kule Mlali, na leo ukipita mitaa ya Dodoma wanayokaa wakubwa, mageti mengi unayoyaona yametoka kwenye karakana yangu ya Kizota. Sijisifu, nasema ukweli. Hata geti la nyumba yangu hapa Chang'ombe watu husimama kulipiga picha. Kuchomelea nilijifunza kwa kuchungulia wenzangu, macho yakavimba wiki nzima, na sikumpigia mtu magoti anifundishe. Ndiyo maana nilizoea kuamini kwamba kitu kikinishinda, basi sijakipiga nyundo ya kutosha.

Mke wangu alipougua figo, nilipiga nyundo mwaka mzima. Hospitali, dawa, misa, kufunga. Mwezi Machi akafa, siku ya Jumanne, mimi nimetoka kumtafutia uji.

Sasa nieleze jambo ambalo sijamwambia mtu. Miaka ishirini na miwili tulisali rozari wawili, kila jioni baada ya kula. Yeye anaanza, mimi namalizia. Yeye "Salamu Maria", mimi "Maria Mtakatifu". Hata siku moja hatukubadilishana. Mwanamume mzima, nina mafundi kumi na mmoja chini yangu, lakini kwenye sala mimi nilikuwa wa kuitikia tu. Baada ya mazishi, wageni walipokwisha kuondoka, nikapiga magoti. Nikasubiri. Nilipogundua ninachosubiri, nikajaribu kuanza mwenyewe. Nikasema nusu yake, nikanyamaza, na nyumba haikujibu.

Nikainuka. Tangu siku ile sikusali tena. Kanisani nilikwenda mara mbili, nikakaa nyuma, kisha nikaacha. Paroko nilimwambia kazi zimebana. Moyoni nilikuwa namwambia Mungu: kama upo, umemchukua yule aliyekuwa anaongea na wewe kwa niaba yangu. Sasa unataka nikusalimie kwa mdomo wa nani?

Oktoba ikaja, mwezi wa rozari, jumuiya yetu ya Wakatoliki wa mtaani inasali kila siku kwenye nyumba nyingine. Zamu yangu ilikuwa Alhamisi. Nikafunga geti kwa ndani tangu saa tisa, nikazima simu, nikakaa uani kwenye kivuli cha ukuta. Saa kumi na moja nikasikia kandambili zinakuja.

"Hodi humu," mwenyekiti wa jumuiya akagonga.

Nikakunja miguu kivulini.

"Hayupo," akasema mama wa duka la jirani.

"Hayupo vipi, na gari lake naliona hapa kwenye upenyo wa geti? Au siku hizi anatembea kwa miguu?"

"Yule atembee kwa miguu? Basi dunia imekwisha."

Wakacheka. Mimi mgongo ukutani, nimebana pumzi kama mwizi kwenye ua wangu mwenyewe.

Kulikuwa na bibi mmoja wa Kigogo ambaye mke wangu alikuwa akimchotea maji. Akasema kwa Kiswahili chake cha taratibu, "Zamu ni ya nyumba hii. Mimi miguu haiendi tena nyumba nyingine. Tusali hapa hapa."

Nikasikia wanatandika khanga chini. Tendo la kwanza kati ya matano ya rozari, kila moja Salamu Maria kumi, akaongoza mwenyekiti. Bodaboda zinapita, vumbi linaingia chini ya geti. Kufika tendo la pili, mdomo wangu ulikuwa unaitikia wenyewe, bila sauti. La tatu hivyo hivyo, na la nne. Sikuwa na imani yoyote saa ile, nisikudanganye. Ulikuwa mdomo tu na mazoea yake.

Wakafika la tano.

"Nani anaongoza?" mwenyekiti akauliza.

"La tano ni la mwenye nyumba," bibi akasema. Ndivyo tulivyozoea kwenye jumuiya yetu.

"Bibi, mwenye nyumba si hayupo?"

"Tumngoje."

Na wakangoja kweli. Nilidhani wataondoka, hakuondoka mtu. Nilisikia mmoja anakohoa, mwingine anajiweka sawa chini. Nikaona kwamba nikinyamaza sasa, nitanyamaza mpaka siku yangu ya kufa.

"Baba yetu," nikasema. Sauti ilitoka mbaya, ya mtu aliyekaa siku nyingi bila kuongea. Nikasema nusu ya mwanzo mpaka mwisho wake, nikakomea hapo, nikaogopa.

Wakajibu. Watu kama ishirini, kwa pamoja, wakaomba mkate wa kila siku. Hakuna aliyesema "kumbe upo". Nikaingia kwenye Salamu Maria, wakajibu, nikaendelea, machozi yananitiririka mpaka shingoni na sikuyafuta. Rozari sikuwa nayo mkononi, hesabu ikanipotea, nikarukia Atukuzwe Baba, ya kufunga tendo.

"Bado mbili, baba," bibi akasema kule nje.

Nikasema hizo mbili.

Kisha nikafungua geti, maana ni aibu wazee kukaa vumbini mlangoni kwangu. Nikamwamkia bibi shikamoo, akaitika marahaba, basi. Wengine wakanishika mkono mmoja mmoja, wakaondoka kuwahi kwao. Kuwakarimu sikuweza, hata maji ya kunywa sikukumbuka kuwapa.

Nyumba ikabaki na mimi. Kwa nini alimchukua mke wangu, Mungu hajaniambia, na sina hakika kama ataniambia. Lakini jioni nikishakula nashika rozari, namuuliza, kwa sauti, na anayeanza ni mimi.